Kisu cha Ngozi Katika Nchi ya Mlima Meru: Chombo, Wenye Chombo, na Majina Yake

Miaka michache iliyopita nilikuwa mmoja wa watu walioombwa kutazama orodha ya maneno ya ufundi wa ngozi, iliyokusudiwa kwa vijana wanaojifunza kazi hiyo. Ndani ya orodha vilikuwamo visu vitano, kila kimoja na jina lake la Kiingereza, na kazi yetu ilikuwa kuvipatia majina ya Kiswahili. Tukaunda majina. Nami nakiri kwamba mawili yalitoka kinywani mwangu: "kisumwezi", kwa kile chenye makali ya duara kama mwezi mchanga, na "kisuparo", kwa kile kinachopunguza unene wa ngozi. Yalipita bila ubishi, kwa maana saa ya chakula ilikuwa imekaribia.

Baadaye nilikwenda Arusha kwa shughuli nyingine, nikaichukua orodha ile mfukoni. Karibu na Soko la Kilombero nilimkuta fundi wa viatu, mtu mzima, ameketi juu ya kigoda chini ya mwavuli wake. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa nimsomee. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Sasa mwalimu, hivyo visu ni vya kufanyia nini?" Nikamweleza. Akaokota visu vyake kimoja kimoja juu ya kibao, akasema, "Hiki cha kukatia. Hiki cha kuparia. Kile pale cha kupasulia tairi. Kuna haja gani ya kuvipa majina kama watoto?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Nilidhani mwanzoni kwamba fundi yule alikuwa amekosa maneno. Sasa naona kwamba aliyekosa ni mimi, na kwamba jinsi alivyovitaja visu vyake ina historia ndefu katika nchi ile izungukayo Mlima Meru.

Tuanze na kamusi, maana ndiko wenzangu wengi wanakoanzia. Mtu akizifungua kamusi zetu kongwe, kama ile ya Krapf iliyotoka mwaka 1882, ya Madan ya mwaka 1903, na ya Johnson ya mwaka 1939, ataona kwamba Kiswahili kina utajiri wa maneno juu ya viungo vya kisu. Makali ni upande ukatao, na mgongo ni upande wa pili. Bapa ni ubavu wake ulio tambarare. Kengee ni chuma chote kionekanacho nje ya mpini, na msuka ni ule mkia wake uliofichwa ndani. Pale msuka unapoingia hufungwa pete ya chuma ili mpini usipasuke, na pete hiyo huitwa noleo. (Noleo ni jina la kinoo pia, na wanafunzi wangu huchanganyikiwa kila mwaka.) Chuma kikichovywa majini kikiwa cha moto ili kiwe kigumu, husemwa kimetiwa matiko. Lugha iliyo na maneno kama haya haikuwa lugha ya watu wasiojua visu.

Aina za visu nazo zipo: kotama ya mgema, wembe wa kinyozi, jambia la kiunoni, kijembe, shembea iliyojipinda, na sime ambayo watu wa pwani waliifahamu kwa watu wa bara. Ufundi wa viatu nao una maneno yake. Kuna makubadhi, yale mandara ya ngozi yaliyotiwa nakshi ambayo mafundi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walisifika kwa kuyashona. Kuna gidamu, yaani kile kikanda kipitacho kati ya vidole vya mguu. Kuna maharazi, chombo cha kutobolea ngozi, neno lililotoka katika Kiarabu. Lakini kisu cha mshona viatu hakina jina. Fundi wa pwani alikuwa na neno maalumu kwa tundu na kwa ukanda, na chombo chake kikuu, kile kisichoondoka mkononi tangu asubuhi hadi jioni, kiliitwa kisu tu.

Haitoshi kusema kwamba hilo ni pengo lililosahauliwa. Mgema anatumia kotama moja kwa kazi moja, kwa hiyo kazi na chombo vyaweza kushikana katika jina moja. Mtu wa ngozi ana kisu ambacho asubuhi kinachuna, mchana kinapara, jioni kinakata kanda. Tena akiwa na visu vitatu, tofauti yao ni ndogo machoni, bali ni kubwa mkononi. Huyu hahitaji nomino nyingi. Anahitaji vitenzi, naye anavyo: kuchuna, kupara, kukwangua, kukata, kupasua, kuchanja, kutoboa. Kisha anavitia kiambishi cha kutendea, navyo vinakuwa majina ya vyombo: kisu cha kuchunia, cha kuparia, cha kupasulia. Sisi walimu huifundisha kauli hii kwa mfano wa kalamu ya kuandikia, halafu tunasahau kwamba ndiyo ghala ambamo mafundi wameweka majina ya zana zao zote.

Sasa tuingie Meru kwenyewe. Katika nchi hiyo ngozi haikuwa mali ya fundi mmoja mwenye duka. Ilikuwa nguo, kitanda, ngao, kiatu, kamba na mfuko wa watu wote, na kisu kilipita katika mikono mingi iliyotofautiana kwa kabila, kwa jinsia na kwa heshima.

Wameru walikaa katika miteremko ya mashariki na kusini muda mrefu kabla ya wengine, nao lugha yao ni ndugu ya Kichaga cha upande wa Machame. Waarusha walipanda kutoka Arusha Chini wakaanza kulima upande wa kusini-magharibi kiasi cha miaka ya 1830. Hawa ni wakulima wa migomba ambao lugha yao ni Kimaa. Chini, tambarare pande zote, walikuwa Wamasai na ng'ombe wao. Kwa hiyo katika mwendo wa siku moja mtu aliweza kupita kutoka lugha ya Kibantu hadi lugha ya Kinailoti na asiondoke chini ya mlima mmoja.

Chuma chenyewe kilitoka mbali kidogo. Milima ya Upare wa Kaskazini, hasa Ugweno, ndiyo iliyokuwa na mchanga wenye madini, na ukoo wa Washana ndio walioyayeyusha. Wachaga walinunua chuma cha Upare wakakifua upya. Huko Mamba, jirani na Marangu, kazi ya uhunzi haikukoma hata baada ya chuma cha Ulaya kuingia. Mapokeo ya Ugweno husema kwamba Washana walikuwa watawala wa nchi mpaka Wasuya walipowapindua, na hata baada ya kupoteza utawala hawakupoteza heshima ya kazi yao, kwa kuwa watu waliogopa nguvu ya nyundo na mvukuto.

Kwa Wamasai mambo yalikuwa kinyume. Wahunzi wao, Ilkunono, walihesabiwa kuwa watu najisi. Hawakuoana na wengine, wala mtu hakutaka kuitwa kwa jina lao. Merker, askari wa Kijerumani aliyekaa Moshi na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1904, na Hollis, aliyechapisha chake mwaka 1905, wote wawili wanaeleza desturi ile ile: Mmasai alipopokea silaha kutoka kwa mhunzi, alitumia mafuta kwanza, ili unajisi wa aliyeifua usimwambukize. Chombo kilipendwa na mtengenezaji alichukiwa. Chuma kile kile kilichompa Mshana heshima kilimtia Olkunoni aibu, na watu wa Meru waliishi katikati ya hukumu hizi mbili. Nimekisikia kisa cha mafuta kikisimuliwa na wazee kama jambo la kuchekesha. Sikioni hivyo. Mtu aliyefua kisu kilichokata nguo ya bibi arusi hakuruhusiwa kuoa katika nyumba yake.

Katika Kimaa kisu ni *enkalem*, na upanga ni *olalem*. Shina ni moja. Kiambishi cha mwanzo ndicho kinachotofautiana. *Ol-* ni cha kiume na cha kitu kikubwa, *en-* ni cha kike na cha kitu kidogo. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mara moja *jisu* na *kisu*, nasi tuna haki ya kustaajabu kwamba lugha mbili zisizo na undugu zimepatana juu ya njia ile ile ya kupima ukubwa. Lakini katika Kiswahili ukubwa ni ukubwa tu. Katika Kimaa udogo na uke vinakwenda pamoja, na hapo sarufi inakuwa karibu sana na maisha: *olalem* ulikuwa kiunoni mwa morani, na *enkalem* ilikuwa ndiyo iliyofanya kazi ya ngozi nyumbani, kazi ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya wanawake. Sisemi kwamba sarufi ndiyo iliyogawa kazi. Wako wataalamu waliojenga majumba makubwa juu ya mchanga wa namna hiyo, na mimi mwenyewe nilipokuwa ng'ambo nikiandika tasnifu nilipata kishawishi hicho. Neno *enkalem* humhusu mwanamume pia anapokata nyama. Nasema tu kwamba Mmasai au Mwarusha aliyesikia majina hayo mawili hakuhitaji kuelezwa ni mkono gani ulioshika nini.

Wanawake walizipara ngozi za mbuzi na kondoo, wakazilainisha kwa mafuta, wakazikata na kuzishona kuwa mavazi. Wanaume walikata ngao kwa ngozi ya nyati, *elongo*, na kwa kawaida ndio waliokata nyayo za viatu kwa ngozi nene ya ng'ombe. Katika kijiji kimoja cha upande wa Olkokola nilimwendea bibi mmoja, aliyezaliwa upande wa Monduli na kuolewa mlimani, ambaye alipokuwa msichana alikata mavazi ya ngozi pamoja na mama yake. Nilimwita Koko, kama watu wa nyumba ile wanavyomwita, naye akaniita mwanangu. Alinionyesha kwa kitambaa, maana ngozi haikuwapo. Kisu chake, alisema, kilikuwa kifupi kuliko kiganja. Kirefu hupinda, na kikipinda huendi unakotaka wewe, huenda kinakotaka chenyewe. Ngozi alikuwa akiilaza uso chini na nyama juu, akaikata kwa upande wa ndani, kwa sababu kosa dogo la upande ule halionekani mtu akivaa. Makali hayakuvutwa kwa nguvu. Mkono wa kushoto ulinyosha ngozi mbele ya kisu, na kisu kilifuata.

Nilimwuliza kisu kama kile kilikuwa na jina gani. Akasema, "Enkalem." Nikauliza tena, kwa Kiswahili, jina lake hasa. Mjukuu wake akatafsiri. Bibi akajibu kwa neno la kazi, akimaanisha kile cha kukatia ngozi. Mlimani na sokoni jibu lilikuwa moja.

Kanda za ngozi zilikatwa kwa njia ambayo fundi wa Kilombero naye anaitumia mpaka leo. Hukatwa kipande cha mviringo, kisha kisu huanza ukingoni na kuzunguka, kuzunguka, kuelekea katikati, mpaka ngozi yote imekuwa ukanda mmoja usio na kiungo. Kidole gumba ndicho kipimo cha upana. Ukanda ukikatwa ungali na unyevu, ukavutwa na kuachwa ukauke umewambwa, hunyoka wala haulegei baadaye. Wahenga wa pwani walilijua jambo hilo, ndipo wakasema, "Ngozi ivute ili maji." Hapa naomba ruhusa ya kusimama kidogo, kwa kuwa methali hii imeteswa. Wanafunzi wengi husoma *ili* kama kiunganishi, wakatafuta maji yanayotarajiwa kutoka katika ngozi. Hiyo *ili* ni kitenzi: *i* ya ngozi na *li* ya zamani yenye maana ya "ni". Ivute wakati ingali maji. Aliyewahi kuwamba ngozi hawezi kukosea sarufi ya methali hii. Sisi tuliojifunza ngozi katika vitabu ndio tunaokosea.

Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, na majeshi ya Wajerumani yakaja na adhabu zilizoharibu migomba na kuchukua ng'ombe kwa maelfu. Boma la Arusha lilijengwa kiasi cha mwaka 1900. Leo ni makumbusho. Sitaki kurudia habari zinazojulikana. Kwa shabaha yetu neno moja latosha: mji ulioota kando ya boma ulikuwa na maduka, na maduka yalinunua ngozi mbichi na kuuza kitambaa. Yule aliyekuwa akikata ngozi ili avae akaanza kuichuna ili auze.

Hapo ndipo kisu cha kuchunia kilipopata cheo kisichokuwa chake. Katika nyumba ya zamani tundu dogo lililotobolewa wakati wa kuchuna lilikuwa jambo la kushona tu. Katika soko la dunia tundu lile ni hasara, maana kiwanda cha Ulaya hununua ngozi kwa daraja, na kovu la kisu huishusha. Katika utawala wa Waingereza maofisa wa mifugo walifundisha watu waache kisu chenye ncha kali na watumie kile kilichopindwa chenye ncha ya mviringo, na waanike ngozi kivulini juu ya fremu badala ya kuilaza juani penye mchanga. Mafundisho yalikuwa mazuri, na sheria ya biashara ya ngozi ya mwaka 2008 bado inashughulika na mambo yale yale. Lakini tazama kilichotokea katika lugha. Katika mazungumzo ya serikali "kisu" na "ngozi" vikawa vinakutana machinjioni tu. Maneno ya kukata, ya kupara, ya kutoa kanda hayakuwa na ofisa wa kuyaandika.

Mafundi wa Kihindi walioshona viatu katika miji ya Afrika ya Mashariki walikuja na kisu chao kipana, chenye makali mbele kama patasi, kiitwacho *rampi* kwa Kihindi. Hiki husukumwa, hakivutwi, nacho ni kizuri ajabu kwa kupara. Katika Misri ya kale, kwenye kaburi la waziri Rekhmire huko Thebes, lililochorwa yapata miaka 3,400 iliyopita, mafundi wa ngozi wameonyeshwa wakikata kwa kisu cha nusu mwezi, ndugu wa kile nilichokiita "kisumwezi" kwa majivuno yangu. Basi chombo ni cha kale na kimetembea. Kiswahili kimepokea kutoka Mashariki *randa* ya seremala, *cherehe* ya kunolea, na *cherehani* ya mshoni. *Rampi* hakikulipokea. Nafasi ilikuwa tayari imejazwa na "kisu cha kuparia", na mgeni aliyekuta kiti kina mtu hakukaa. Neno geni huingia kwa urahisi pamoja na chombo kisichokuwa na mfano. Randa haikuwa na mfano, kisu kilikuwa nao.

Pigo lililomaliza kazi ya wanawake lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio, viongozi wa Mkoa wa Arusha walianza kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache mavazi ya ngozi na kujipaka ngeu, wavae suruali na magauni. Kampeni ilisemwa kuwa ya maendeleo na ya afya. Sina nia ya kuwahukumu viongozi wa wakati ule kwa macho ya leo, ingawa wakati ule wenyewe wapo walioipinga. Vitambaa vilikuwa vimekwisha kuenea kabla ya amri, na katika Waarusha na Wameru ngozi ilikuwa imeachwa na wengi. Lakini kuacha polepole ni jambo moja na kuaibishwa ni jingine. Koko alisema kwamba mama yake hakuambiwa aache kukata. Aliambiwa asionekane mjini na alichokikata. Akaacha. Kisu kikabaki cha nyama na mboga. Binti zake hawakufundishwa ni upande gani wa ngozi ya mbuzi unaovutika na upande gani unaokaa.

Elimu hiyo ilihamia mjini katika mikono ya wanaume, na ikahamia kwenye kitu kingine kabisa, yaani tairi. Viatu vya tairi huitwa katambuga, na kila mtu Arusha anavijua. Hata Wamasai walioacha ngozi ya mguuni walivichukua. Jina lenyewe linanifurahisha, kwa sababu limejengwa kwa kitenzi: *kata mbuga*. Kilichokatwa kwa kisu kimepewa jina la kukata, na kisu chenyewe hakina. Tairi haikatiki kama ngozi. Mpira hushika bapa la kisu na kulizuia, kwa hiyo fundi hulichovya majini kila baada ya mikato michache, nalo hupita. Zaidi ya hayo tairi za siku hizi za magari zina nyuzi za chuma ndani yake, ambazo huvunja makali mara moja. Ndiyo sababu mafundi hutafuta zile za nyuzi za nailoni, au za pikipiki. Mjini palikuwa na kiwanda kikubwa cha tairi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, nacho kimekwisha kufungwa, lakini tairi kuukuu hazijapungua.

Visu vya fundi wangu wa Kilombero havikununuliwa dukani. Kile cha kukatia kilitoka katika kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika, kile kinene cha mashine za karakana. Mpini ni ukanda wa mpira uliozungushwa mpaka ukaujaza mkono. Nilimwuliza kwa nini hatumii vile visu ving'aavyo visivyoshika kutu, vinavyouzwa kila mahali. Akasema vinauzwa kwa sababu vinang'aa. Vilivyo rahisi kati ya hivyo ni laini. Hunoleka upesi na kufa upesi, na fundi hushinda akinoa. Msumeno ni mgumu kunoa lakini ukinoleka umenoleka. Hatari yake ni cherehe. Chuma kikishikizwa muda mrefu hupata moto, kikigeuka rangi ya samawati makalini basi matiko yametoka, na sehemu hiyo haifai tena ila kusagwa iondolewe. (Neno *matiko* nililitoa mimi, yeye alisema "ugumu umekimbia". Nilipomwambia neno la zamani alilirudia mara mbili, akasema ni zuri, na sijui kama atalitumia.) Yeye hugusisha na kuchovya, hugusisha na kuchovya. Baada ya cherehe hutumia jiwe, na baada ya jiwe hupitisha makali juu ya ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, mpaka ule usinga mwembamba wa chuma uliobaki ukingoni udondoke.

Kupima makali kwa kidole gumba, alisema, ni mchezo wa watoto. Kisu hupimwa kwa kipande cha ngozi ya tumbo. Ngozi ya mgongoni ni ngumu na hukubali hata kisu butu, ukitia nguvu. Ya tumboni imelegea, nayo hukimbia mbele ya makali mabovu na kujikunja. Kwa hiyo nyayo hukatwa mgongoni, na kanda hukatwa sambamba na uti wa mgongo, upande usiovutika sana. Nilipolisikia hilo nilikumbuka maneno ya Koko juu ya upande unaovutika na unaokaa. Watu hawa wawili hawajuani. Mmoja ni mwanamke aliyejifunza Kimaa na ngozi pamoja, mwingine ni mtu aliyekuja mjini kutoka mkoa mwingine na kujifunza kazi chini ya fundi aliyemtangulia. Elimu ni moja, nayo imefika kwa kila mmoja bila kupita katika kitabu chochote chetu.

Kwa ajili hiyo napendekeza kwa wanakamati wenzangu jambo dogo. Tusipoteze siku katika kuunda nomino za visu. Chini ya neno *kisu* katika kamusi ijayo tuweke maneno yaliyokwisha kusemwa: kisu cha kuchunia, kilichopindwa na chenye ncha ya mviringo, kisu cha kuparia, kipana na chenye kusukumwa, kisu cha kukatia, kifupi, cha kuvutwa, kisu cha kupasulia, kinene, cha tairi. Tena tuweke vitenzi vyenyewe kwa maana zake za ufundi, kwa sababu *kupara* katika kamusi zetu ni kwa samaki zaidi kuliko kwa ngozi. Najua nitajibiwa kwamba maneno mawili au matatu si istilahi, kwamba istilahi ni neno moja. Huo ni ubishi wa watu wanaotafsiri orodha. Fundi akiagiza chombo kwa mhunzi humwambia kazi yake, na mhunzi hujua unene, urefu na mpindo kutokana na kazi hiyo. Mwambie mhunzi wa Mamba "kisumwezi", atakuuliza lile lile nililoulizwa Kilombero.

"Kisumwezi" nimelifuta katika nakala yangu kwa wino mwekundu. "Kisuparo" halifutiki tena, maana limekwisha kuingia katika daftari za wanafunzi. Mwaka jana nilimsikia kijana mmoja aliyehitimu akilisema, nikamwambia kwa upole kwamba mafundi husema "kisu cha kuparia". Naye, kwa upole vile vile, akanisahihisha.